Biofix ya soya naipa nyota tano, poda ya fangasi ya mizizi naipa moja

Hii rivyu ni ya wale wanapanda soya na maharagwe huku magharibi ya Kenya, na pia wale wamekuwa wakiuliza kama zile poda za fangasi ya mizizi (sio dawa ya kuua fangasi, ni fangasi rafiki wenyewe wa kusaidia mizizi) zinazouzwa kwa agroveti ziko na maana yoyote. Nimetumia zote mbili kwa shamba moja, udongo mmoja, na maoni yangu ni kwamba ya kwanza nunua bila kusitasita na ya pili wacha pesa yako ikae mfukoni. Lakini nitaeleza kwa nini, juu hapo kwa kwa nini ndio kuna faida kuliko hizo nyota zenyewe.

Tuanze na Biofix. Kama hujawahi iona, ni kapaketi kadogo, ndani kuna kitu cheusi cheusi hivi kimelowa kidogo, ukikishika ni kama udongo tu. Hiyo sio fatalaiza na sio dawa ya wadudu, ni bakteria wanaoitwa raizobia, wanaolisha mmea naitrojeni ya hewani, wako hai, na hapo mwanzo walikuwa wanabebwa kwa yale matope yanayobaki kiwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Kazi yenyewe ilifanywa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ile maabara inaitwa MIRCEN ambayo Profesa Nancy Karanja aliiongoza miaka mingi, halafu 2008 kampuni ya MEA ikachukua leseni ikaanza kutengeneza na kuuza. Kwa hivyo hii ni bidhaa ya hapa hapa nyumbani, na kwa kweli naona fahari nikiitumia, wengi tunadhani kila kitu kizuri cha shamba lazima kitoke ng'ambo.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ukinunua ni paketi imeandikwa mmea gani. Watu wengi hawajui hii. Bakteria wa soya sio wale wa maharagwe, na wa maharagwe sio wa lusani. Mzizi wa soya ukiwa mchanga unatoa kemikali fulani kwa udongo, bakteria wake wakiisikia wanajibu kwa kemikali yao, na mzizi ukitambua hilo jibu ndio unafungua mlango, kale kanywele ka mzizi kanajikunja kanamshika huyo bakteria na kumwingiza ndani. Akijibu bakteria mwingine, mlango haufunguki. Sasa wewe ukienda agroveti useme tu "nipatie Biofix" na muuzaji akupatie ya maharagwe na wewe unapanda soya, umepaka mbegu matope tu. Soya nayo iko na shida zaidi juu asili yake ni Asia, udongo wetu haukuwa na bakteria wake wa kawaida. Ndio maana IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, walizalisha zile aina kama SB19 ambayo wengi wetu tunapanda, inaweza kukubali hata bakteria wa hapa kwetu. Lakini kukubali ni kitu kimoja, kufanya kazi vizuri ni kitu kingine. Hata SB19 nimeona inabadilika ukiiwekea wale bakteria wa soya wenyewe.

Namna ya kuweka ni rahisi lakini usiharakishe. Mimi nafanya hivi: mbegu kwa ndoo asubuhi na mapema, ile gundi inakuja na paketi nayeyusha kwa maji ya vuguvugu na kuyaacha yapoe, namwagia mbegu kidogo kidogo nikigeuza na mkono hadi zote zing'ae, sio zilowe, zing'ae tu. Halafu ndio nanyunyiza ile kitu nyeusi nikiendelea kugeuza pole pole, usisugue juu ngozi ya mbegu ya soya ni nyepesi inabanduka haraka sana. Ukimaliza kila mbegu inakuwa imevaa koti jeusi. Ukiona zingine ni nyeupe bado, geuza tena. Weka kivulini, funika na gunia, na upande siku hiyo hiyo na ufukie mara moja, jua ndio adui. Nimeona watu wanachanganya halafu wanaanika kwa turubai ati zikauke vizuri, ndugu zangu hapo umeua wote. Pia usichanganye mbegu hiyo na fatalaiza kwa mkono mmoja au shimo moja bila udongo katikati, chumvi ya fatalaiza inawachoma. Kipimo kiko nyuma ya paketi na kinaenda kwa kilo za mbegu, sio kwa eka, soma.

Sasa matokeo. Sitawaandikia gunia ngapi kwa eka juu shamba la mtu ni tofauti na la mwingine na mvua nayo iko na mambo yake, lakini kuna kitu kila mtu anaweza kuangalia mwenyewe bila mzani. Soya ikianza kutoa maua, chukua jembe, chimba, usivute, ukivuta unaacha vyote chini. Tikisa udongo taratibu au osha kwa ndoo. Kwa upande nilioweka Biofix, vile vinundu, yaani vivimbe vya mizizi ambamo hao bakteria wanaishi, vilikuwa vimejaa pale juu karibu na shina, vikubwa, vimeshikana. Kwa mistari ambayo niliacha makusudi bila kitu, vilikuwa vichache, vidogo na vimetawanyika huko kwenye mizizi ya pembeni. Halafu chukua kinundu kikubwa, ukipasue na ukucha. Hapa ndio mtihani wenyewe. Ndani kukiwa na rangi nyekundu ya damu, kinafanya kazi. Kukiwa nyeupe au kijani, kiko pale tu kinakula sukari ya mmea bure au kimeshachoka.

Na hiyo nyekundu sio sadfa. Ni protini ya jamii moja na ile iko kwenye damu yetu, na kazi yake ni ile ile, kushika oksijeni. Ile mashine ya bakteria inayogeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea inaharibika kabisa ikiguswa na oksijeni nyingi, lakini bakteria mwenyewe anahitaji oksijeni apumue. Kwa hivyo mmea unatengeneza hiyo protini nyekundu inampimia kidogo kidogo, anapumua na mashine haiharibiki. Mimi kila nikipasua hicho kitu na kuona hiyo rangi nashukuru Mungu kweli. Hewa tunayovuta ni karibu asilimia 78 naitrojeni, iko juu ya kila shamba la maskini na tajiri, na hakuna mmea hata mmoja unaweza kuichukua peke yake. Soya ikipata bakteria wazuri inaweza kutoa nusu au zaidi ya naitrojeni yake yote hapo, na hiyo ni pesa ya fatalaiza hukutumia.

Lakini msinielewe vibaya, Biofix peke yake kwa udongo uliochoka haitafanya miujiza. Nasisitiza hapa juu ndio mahali watu wengi wanasema "hii kitu haifanyi" na kumbe shida iko kwingine. Vinundu vinataka fosforasi nyingi sana, na udongo wetu mwekundu wa huku, wenye chuma na alumini na asidi, unaikamata fosforasi na kuifungia. Kwa hivyo inabidi uweke fatalaiza ya fosforasi. Wengi wetu tunakimbilia DAP kwa sababu ndio tunajua, lakini DAP ni 18-46-0, hiyo 18 ni naitrojeni, na mmea ukipata naitrojeni ya bure kwa udongo hauhangaiki kulisha bakteria, unapunguza vinundu. MEA hao hao wako na ingine inaitwa Sympal, 0-23-15, haina naitrojeni kabisa, iko na fosforasi, potasiamu, na pia kalisi, magnesi na salfa. Biofix na Sympal pamoja ndio nimeona tofauti ya kweli kweli, majani ya kijani kizito na maganda hadi chini kabisa. Biofix bila fosforasi tofauti ipo lakini ndogo. Na kama shamba lako liko na asidi nyingi, pH chini ya 5.5 hivi, weka chokaa ya shamba kwanza, mapema kabla ya mvua, juu hao bakteria hawapendi asidi na hata mmea wenyewe unateseka.

Malalamiko yangu hayako kwa bidhaa, yako kwa venye inawekwa madukani. Kuna agroveti moja, sitaitaja, nilikuta paketi zimepangwa dirishani, jua la saa nane linazipiga moja kwa moja, karibu na chupa za dawa za kupulizia. Nilimuuliza dada aliyekuwa anauza, akasema "si ziko tu sawa, hazijaisha muda". Hii kitu ichukulie kama maziwa, tarehe inaweza kuwa sawa na bado ikawa imeharibika. Kiwango ambacho watafiti wa N2Africa, mradi wa mimea ya jamii ya kunde Afrika, walikuwa wanataka ni bakteria bilioni moja kwa gramu, na jua la dirishani linaweza kuwapunguza hadi ubaki na matope. Na ubaya ni kwamba kwa macho huwezi jua, paketi iliyo hai na iliyokufa zinafanana, utakuja kujua kwa vinundu wakati msimu umeshaenda. Kwa hivyo uliza inawekwa wapi nyuma ya duka, angalia tarehe, chukua ile imekaa mahali baridi, na ukifika nyumbani iweke karibu na mtungi wa maji au kwa chumba chenye baridi, usiweke jikoni. Ukifungua tumia yote.

Kwa maharagwe nyota zinashuka, naipa tatu. Maharagwe ya kawaida, kama rosecoco na wengine, ni wavivu wa kushika naitrojeni, na pia udongo wetu uko na bakteria wengi wa maharagwe tayari, wengine hawafai lakini wako wengi na wanawahi mlango kabla ya wale wa paketi. Msimu mmoja unaona tofauti, msimu mwingine huoni kitu. Bei ni ndogo kwa hivyo kujaribu sio hasara kubwa, ila usitarajie ya soya. Kunde na njugu karanga wacha, zinajipatia bakteria wa kutosha zenyewe.

Sasa hizo poda za fangasi. Hapa nitakuwa mpole kwa jina la bidhaa lakini sio kwa maoni. Nilinunua moja ya kutoka nje, paketi nzuri imechorwa mizizi ya dhahabu, imeandikwa inafaa mahindi, nyanya, kahawa, miti, kila kitu, na bei yake kwa gramu haikaribiani na Biofix hata kidogo. Niliweka kwa mahindi mistari mingine, mingine nikaacha. Hakuna chochote. Urefu ule ule, rangi ile ile, mahindi yale yale. Na hakuna kinundu cha kupasua hapa uangalie, hii fangasi iko ndani ya mzizi na haionekani hadi mzizi uchemshwe na upakwe rangi uangaliwe kwa darubini, kwa hivyo mkulima anauziwa kitu ambacho hawezi kukikagua. Hiyo ndio inaniuma.

Na sio mimi tu. Kuna mradi wa utafiti uliitwa COMPRO, ulianza 2009, watafiti wake wakachukua bidhaa zaidi ya 100 za aina hii zilizokuwa sokoni hapa Kenya, Ethiopia na Nigeria, wakazipima maabara na shambani. Zilizofanya kazi kweli zilikuwa chache, na zilizosimama imara zaidi zilikuwa za raizobia ya soya. Kwa zile za fangasi, nyingi hata hazikuwa na fangasi hai wa kutosha kuingia kwenye mzizi. Sababu yenyewe inaeleweka ukijua huyu fangasi anaishi vipi. Raizobia unaweza kumkuza kwa tangi la maabara, unamlisha sukari anaongezeka. Huyu fangasi hawezi kuishi bila mzizi hai, lazima umkuze pamoja na mmea au mzizi, inachukua muda, inakuwa ghali, na kusafirisha na kuhifadhi ni shida. Kwa hivyo ukiona inauzwa kirahisi rahisi kwa kila kona, jiulize.

Lakini jamani msitoke hapa mkifikiri fangasi wenyewe hawana maana, hapana hapana. Ni kinyume kabisa. Huu urafiki ni wa zamani sana, kuna mabaki ya mimea kwa mawe ya Rhynie kule Scotland, ya zaidi ya miaka milioni 400, na fangasi wako ndani ya seli. Yaani mimea ilipokuwa inaanza kutoka majini kuja nchi kavu walikuja pamoja. Soya na jamaa zake walipokuja kujifunza kuishi na raizobia, mamilioni ya miaka baadaye, walitumia njia ile ile ya mawasiliano ndani ya mzizi ambayo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya fangasi. Na kazi yao kubwa ni ile fosforasi nimesema imefungiwa kwa udongo mwekundu. Mzizi unamaliza fosforasi ya milimita chache kando yake halafu unakaa njaa, hiyo kitu haitembei kwenye udongo. Fangasi anatuma nyuzi nyembamba kuliko unywele wowote wa mzizi, zinaenda sentimita kadhaa mbele, zinaingia kwa vipenyo ambavyo mzizi hauwezi, zinaleta. Malipo ni sukari na mafuta, mmea unaweza kumpa hadi asilimia 20 hivi ya chakula unachotengeneza kwa majani. Mihogo ndio inamtegemea sana, bila yeye inadumaa kabisa.

Na hao fangasi wako kwa shamba lako tayari, bure. Hapo ndio hoja yangu yote iko. Hauhitaji kuwanunua, unahitaji kuacha kuwaua. Ukilima kwa trekta na kupindua udongo kila msimu unakata nyuzi zao zote. Ukiacha shamba tupu miezi mitatu hakuna mzizi wa kuwalisha. Ukimwaga fosforasi kupita kiasi mmea unawafungia mlango, hauna haja nao tena. Kitu kingine wengi hawajui, sukuma wiki na kabichi hazishirikiani na hawa fangasi kabisa, familia yao nzima iliacha huo urafiki, na terere na spinachi vilevile kwa kiasi kikubwa. Kwa hivyo ukipanda sukuma mahali pamoja mwaka mzima halafu unaleta mahindi, mahindi yanakuta nyumba tupu. Changanya, weka maharagwe au kunde katikati, zungusha.

Kisha kuna kayongo, lile gugu la striga linalonyonya mizizi ya mahindi. Hii ndio ilinifanya nisome haya mambo, wenye wako Busia, Siaya, Vihiga mnajua uchungu wake, Watanzania wanaiita kiduha. Mahindi yakikosa fosforasi yanatoa kemikali kwa mzizi kumwita fangasi, njoo unisaidie. Wajapani ndio waligundua 2005 kwamba hiyo kemikali ndio inafanya nyuzi za fangasi zitawanyike na kukimbilia mzizi. Sasa kemikali hiyo hiyo ndio mbegu ya kayongo inasubiri chini, inaweza kusubiri miaka zaidi ya kumi, ikiisikia inaamka na kujishikisha kwa mzizi. Mahindi yanaita rafiki na adui anasikia. Na mahindi yenye njaa yanaita zaidi, ndio maana kayongo iko kali zaidi kwa mashamba yaliyochoka. Ukielewa hivyo unaona kwa nini soya inasaidia, mizizi yake nayo inaziamsha mbegu za kayongo lakini haziwezi kuishi kwa soya, zinakufa. Kwa hivyo msimu wa soya yenye Biofix nzuri na Sympal unakuachia naitrojeni kidogo kwa majani yaliyoanguka, fangasi waliolishwa, na mbegu za kayongo zilizopungua. Majani na maganda yarudishe shambani, usichome.

Kwa haki nitasema kuna mahali poda ya fangasi inaeleweka. Miche ya ndizi ya maabara inatoka kwa chupa ikiwa safi kabisa, haina fangasi hata mmoja, hiyo ukiipa kwenye kitalu kabla ya kupeleka shambani inaleta maana, na watafiti wetu kama Dkt. Joyce Jefwa wameifanyia kazi. Na kule Colombia majaribio ya mihogo yaliyotoka 2013 yalionyesha fangasi waliokuzwa maabara wanaweza kuongeza mavuno na fosforasi kidogo. Kwa hivyo inawezekana, ila iwe fangasi aliye hai na amejaribiwa kwa mmea wako, sio poda ya kila kitu.

Swali la mwisho ambalo naulizwa sana ni kama Biofix inabidi ununue kila msimu. Hao bakteria wanabaki kwenye udongo baada ya soya, kwa hivyo ukirudia soya msimu unaofuata mahali pale pale na vinundu vilikuwa vingi na vyekundu, unaweza kuruka. Kama soya haijakaa hapo misimu mitatu minne, au udongo uko na asidi, au shamba ni jipya, nunua. Mimi kwa bei yake naweka tu kila mara, na naacha mistari miwili bila, ili kila msimu nichimbe nilinganishe.